Hondohondo wa Sabuni

Mume wangu amemchora hondohondo mara nyingi kuliko alivyonitazama mimi usoni. Sisemi kwa wivu. Nasema kwa sababu ni kweli, na anayebisha aje mjini kwetu ajionee. Mlango wa halmashauri, hondohondo. Ukuta wa shule, hondohondo. Gari la taka, hondohondo ubavu huu na ubavu huu. Hata kwenye geti la makaburi yupo, na siku ile nilimuuliza, "Baba Watoto, huyu ndege hapa anamngoja nani?" Akanijibu bila kugeuka kwamba Katibu wa halmashauri ameagiza, na Katibu akiagiza haulizwi.

Yeye ni fundi wa mabango. Watu wanamwita Fundi Hondo, na jina hilo amelipokea kama cheo. Mimi ni fundi cherehani. Vibanda vyetu vimeshikana, katikati kuna ukuta wa mbao, na kwenye ule ukuta alikata kidirisha cha ukubwa wa kiganja ili asizunguke nje kila anaponipa chai. Miaka thelathini napokea chai yangu kwenye tundu. Mkono wake naujua vizuri: una rangi ya mafuta kwenye kucha na unanuka tapentaini. Uso nauona jioni, tukifunga.

Juu ya mlango wangu kuna bango. Alilichora mwaka tuliooana: msichana mwembamba, shingo ndefu, nyusi kama zimepimwa kwa rula, anacheka huku ameshika mkasi. Yule ni mimi. Tuseme alikuwa mimi. Kila mwaka mvua zikiisha, Fundi Hondo anaegesha ngazi, anapiga msasa, anapaka upya, mstari juu ya mstari wa zamani, na hajawahi hata siku moja kuchungulia ndani aone mwenye sura amefikia wapi. Hapo katikati wamepita watoto watatu, miwani, na kidevu cha pili. Mteja mgeni akija husimama mlangoni, hutazama bango, hunitazama mimi, halafu huuliza kwa adabu, "Mama, yule dada yupo?" Zamani nilikuwa nanuna. Siku hizi nasema, "Amesafiri, lakini kazi yake yote kaniachia mimi."

Sasa hondohondo mwenyewe alimtoa wapi? Kwenye sabuni. Alipokuwa mtoto kulikuwa na sabuni ya mche iliyofungwa kwa karatasi yenye picha ya ndege: kifua chekundu, mabawa ya kijani, mdomo wa njano, na pembe imesimama wima kichwani kama taji. Chini yake imeandikwa HONDOHONDO. Mama mkwe wangu alikuwa anaifungua ile sabuni polepole, kwa ncha ya kisu, karatasi isichanike, halafu anampa mwanawe. Ile ndiyo picha ya kwanza kuinakili maishani mwake. Kiwanda kilishakufa, mama mkwe naye alishatutoka, lakini karatasi ipo: imebandikwa kwenye kipande cha mbao, imefunikwa nailoni, imechorwa mistari ya penseli miraba miraba ya kukuzia picha. Watoto wetu walikatazwa kuigusa kabla hawajakatazwa kugusa moto.

Basi halmashauri ilipotaka nembo, Katibu alipita kibandani, akaona ndege, akauliza ni ndege gani. Akaambiwa. Akasema vizuri sana, kwa kuwa msitu wa halmashauri unasifika kwa hondohondo. Kikao kikakaa, nembo ikapita. Hakuna hata mmoja kwenye kile kikao aliyewahi kukanyaga msituni. Penye wengi hapaharibiki neno, tunaambiwa.

Na mume wangu naye hakuwahi kukanyaga. Msitu uko mwendo wa saa mbili tu kwa basi! Kila mwaka alikuwa anasema, "Mwakani, Mama Watoto, lazima nikamwone hondohondo kwa macho yangu. Akiwa kwenye mti wake, hana habari na mtu." Alikuwa anasema hivyo huku macho yamemlegea, mpaka natamani kumrushia uzi. Mwakani ikifika, kuna ukuta wa zahanati, kuna gari jipya la taka. Alikuwa anamchora mno hata akakosa nafasi ya kwenda kumwona.

Halafu macho yakaanza. Alianza kukosea herufi za pembeni. Aliandika DUKA LA DAW, akashuka kwenye ngazi ameridhika kabisa, na mwenye duka akaja juu. Nikampeleka hospitali. Daktari wa macho, dada mmoja mpole, akamwangalia kwa mashine yake, akasema ni presha ya macho, na imekaa siku nyingi. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linafunga kuanzia pembeni. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linazidi kuwa dogo. Dawa itachelewesha, haitarudisha. Wahenga walisema macho hayana pazia. Hawakuyaona ya mume wangu.

Yule dada akamuuliza, "Baba, kuna kitu chochote ungependa sana kukiona? Kama kipo, usisubiri."

Mume wangu hakufikiri hata kidogo. "Hondohondo," akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nimemshikia kofia! Nimemzalia watatu, nimemfulia mashati ya rangi miaka thelathini, na anapoulizwa angependa kuona nini kabla ya giza, anasema ndege. Daktari akanitazama mimi haraka, akatazama karatasi zake. Tulipofika nyumbani nikaingia chooni nikalia, nikatoka nikamtafutia viatu vya safari. Ungefanyaje? Ni wangu.

Kuingia msituni kunataka kibali cha Katibu. Katibu alishangaa sana. Akasema tangu akalie kiti kile hajawahi kupata ombi la mwenyeji kwenda kumtazama ndege, maana ndege yupo mlangoni, kila mtu anamwona bure. Lakini akagonga mhuri, na mhuri wenyewe una hondohondo.

Tulifika getini asubuhi, jua halijapanda. Pale kuna bango kubwa kuliko yote aliyowahi kuyapaka, hondohondo wa urefu wa mtu, mwekundu, kijani, njano. Akaligusa kwa kiganja kama anapapasa ng'ombe wake. Akamwambia askari wa msitu, "Huyu ni kazi ya mkono wangu."

Askari alikuwa mtu mzima, mkavu, ana kofia yenye nembo. "Kumbe ni wewe," akasema. Alimtazama mume wangu kama mtu mwenye neno mdomoni, akatazama ile fimbo ambayo baba wa watu ameanza kutembelea, akalimeza. "Karibuni, mzee. Karibu mama. Twendeni taratibu."

Akatupeleka kwenye kibanda cha kutazamia, benchi moja na paa la nyasi, mbele yake mti mkubwa ajabu. Akasema tukae kimya, tusubiri hapo hapo, ndege hakosi kuja. Mara akajipiga paji la uso: amesahau kitabu cha wageni getini, na mgeni asiyeandikwa kitabuni, kwa mujibu wa sheria, hayupo msituni. Akarudi kukifuata.

Tukakaa. Mume wangu amevaa shati lake la harusi za watu, mikono juu ya magoti, jicho moja wazi. Nasikia anavyohema. Nikamwonea huruma hata hasira zikaniishia.

Mara juu yetu kikapita kishindo, vuu, vuu, kama mtu anakung'uta mkeka. Kikatua kitu juu ya mti. Halafu ikaanza sauti, na si ya ndege: mtoto mchanga analia, mtoto wa kunyimwa ziwa kabisa, waa, waaa! Nikaruka. Nikatafuta mama yake yuko wapi. Nikaangalia juu, naona lidude jeusi, tumbo jeupe, lidomo kubwa kama limeazimwa kwa mwingine, na juu ya lile domo limepachikwa tena jingine. Limeshika tunda, linalia, linaruka tawi hili na tawi hili, halina haya.

"Ni nini hicho?" mume wangu akaninong'oneza.

"Likunguru fulani. Kubwa, lina kofia."

"Litamtisha," akasema. Akapandwa na hasira, mtu ambaye hata kuku hamfukuzi jikoni. "Miaka thelathini nangoja, halafu kunguru aje anipigie kelele hapa? Wee! Toka! Toka hapa!" Akavua kiatu, akakirusha. Kwa jicho moja lenye tundu la ufunguo! Kikapita sentimita chache tu kutoka lile domo. Ndege akadondosha tunda, akapiga kelele ya mwisho, vuu, vuu, akaenda zake.

"Umepiga vizuri," nikamwambia. Mungu anisamehe. Nilimsifu.

Tukakaa tena, kimya, tumeridhika, tunamngoja hondohondo.

Askari akarudi na kitabu chake, anahema, anatabasamu. "Mmemwona! Nimemsikia tangu getini."

"Hatujaona kitu," mume wangu akasema. "Kuna kunguru mmoja mshenzi alikuwa hapa, tumemtimua."

Askari akatazama kiatu kilichonasa kwenye kichaka. Akatazama tunda chini. Akakaa kwenye ncha ya benchi, akavua kofia. "Mzee," akasema, "huyo kunguru alikuwa mweusi, tumbo jeupe, ana domo juu ya domo?"

Nikajibu mimi, maana mwenzangu alishaanza kukunja uso. "Ndiyo."

"Huyo ndiye hondohondo."

"Kijana," mume wangu akasema, na askari alikuwa na mvi, "hondohondo namjua mimi. Nimemchora wewe hujaajiriwa. Hondohondo ana kifua chekundu."

Askari hakubishana. Alifungua kitabu cha wageni, akanipa mimi nisome. Nikasoma kwa sauti, kwanza kwa nguvu, kisha nguvu zikapungua. "Tumekaa siku nzima, hondohondo hayupo, tumeona kunguru wakubwa tu." "Mnatudanganya wananchi, bango linasema hondohondo, hatujaona hata manyoya ya kijani." Mwalimu mmoja aliyeleta darasa zima ameandika: "Wanafunzi wamesikitika. Tafadhali punguzeni hawa ndege weusi wanaofukuza hondohondo." Kurasa na kurasa. Watu wanakuja, wanamwona, wanaondoka wanalalamika hawajamwona. "Mimi mwenyewe," askari akasema, "nilipoanza kazi nilimtafuta miezi mitatu, na alikuwa ananilia kichwani kila siku. Nimeandika barua halmashauri mara nne. Wanajibu suala linafanyiwa kazi."

"Na ile sabuni?" mume wangu akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Sabuni gani, mzee?"

Nadhani kile kiwanda kilikuwa na rangi tatu tu, kikatumia zilizopo. Mume wangu aliinama, akapapasa chini mpaka akalipata lile tunda, akalishika kwa mikono miwili. Alimngoja tangu utotoni, na alipokuja alimrushia kiatu, tena akiwa na jicho moja la kumwonea. Sijawahi kumhurumia binadamu kama nilivyomhurumia yeye pale. Nikasema twende nyumbani.

"Subirini," askari akasema. "Atarudi."

"Arudi afuate nini? Kiatu cha pili?"

"Mke wake yumo ndani ya huu mti." Akatuonyesha kwa kidole: kwenye shina, juu, tundu lililokandikwa udongo, limebaki ufa mwembamba. Jike akitaka kutaga huingia humo, wakasaidiana na dume kuziba mlango, na dume humlisha kwa ule ufa mpaka makinda yakue. "Hata umrushie nini, mama, atarudi. Nani atamlisha?"

Nikakumbuka kidirisha changu cha chai. Nikacheka peke yangu mpaka askari akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, hawa ndege nawafahamu.

Jua lilikuwa limeshapinda vuu, vuu iliposikika tena. Safari hii hakulia. Alitua kando ya ufa, na tunda jingine mdomoni. Mume wangu anageuza kichwa huku na huku, "Wapi? Yuko wapi? Simpati!" maana tundu lake la kuonea ni dogo na mti ni mkubwa. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, kama ninavyoweka kola sawa, nikakielekeza: juu, kidogo kushoto, hapo. Nikamsikia anatulia kwenye viganja vyangu.

Alimtazama. Ndege anaingiza domo kwenye ufa, anatoa, anaingiza tena. Kutoka ndani ikatokea ncha ya domo jingine, ikapokea.

"Mweusi," akasema. Baada ya muda akasema, "Domo lake ni la kijivu." Kisha machozi yakaanza kushuka, yananilowesha vidole, na hakutaka nimpanguse, asije akampoteza. "Nimemkosea," akasema. "Miaka yote hii nimemkosea mtoto wa watu."

"Hajui," nikamwambia. "Yeye hasomi mabango."

Ndege alipoondoka hatukusimama. Nikadhani anamsubiri arudi tena. Kumbe amegeuka kwangu, anahangaika na lile jicho lake, anapita sikio, anapita ukosi.

"Na wewe hebu kaa sawa," akasema. "Tulia nikutazame. Isije ikawa na wewe nimekukosea."

Nilivua miwani, nikaivaa tena, maana hata sikujua anataka sura ipi.

Tuliporudi alichora upya. Hondohondo mweusi, domo juu ya domo, mbaya, mzuri sana. Akaupeleka mchoro kwa Katibu, mimi nimemshika mkono.

"Fundi," Katibu akasema, "huyu ni ndege gani?"

"Hondohondo."

"Hondohondo tunaye. Yule alipitishwa na kikao. Huyu wako kapitishwa na nani?"

"Na Mungu," mume wangu akasema.

Katibu akaandika jambo kwenye karatasi, akasema hoja hiyo itapelekwa kwenye kamati. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba nembo ibaki, na pale getini msituni liongezwe bango dogo: NDEGE WALIOMO WANAWEZA KUTOFAUTIANA NA NEMBO. Kazi ya kulichora wakamletea nani? Fundi Hondo. Akaikataa. Ndiyo kazi ya kwanza kumwona anaikataa. Alisema jicho lililobaki lina kazi moja tu, na kamati haimo.

Asubuhi iliyofuata akateremsha bango langu, akalipiga msasa mpaka mbao ikawa nyeupe. Akanikalisha kwenye kigoda nje, mchana kweupe, watu wanapita wanacheka. Kwa kuwa haoni uso wote kwa pamoja, alinichukua vipande vipande: leo sikio, kesho shavu, keshokutwa ile mikunjo ya shingo. Ananisogelea mpaka pua zinagusana, anarudi kwenye mbao, ananisogelea tena. "Usicheke," anasema. "Cheka." Kidevu cha pili kilimchukua kutwa nzima.

Lilipokamilika nikalitazama nikaguna. "Umenizeesha, Baba Watoto."

"Sijakuongeza hata mkunjo mmoja," akasema. "Nimeandika nilivyokukuta."

Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Siku hizi anaona mwanga na kivuli, basi. Karatasi ya sabuni iko pale pale ukutani kwake. Nilitaka kuitoa, akasema iache, ilimfundisha kushika brashi. Anakaa upande wangu sasa, karibu na mashine, na chai nampa mimi. Juzi aliingia mama mmoja mgeni na kitambaa chake kwapani. Nilimwona amesimama nje, ametazama juu, akaingia moja kwa moja, akanisalimu, akatandaza kitambaa mezani, tukaanza kuongea mikono ya gauni iwe mirefu au mifupi.

Alipotoka mume wangu akanigusa goti. "Amekuuliza yule dada yuko wapi?"

"Hajauliza," nikamwambia.